Redio kolu imenyamaza, GPS inayumba: kutafuta chanzo wakati wa dhoruba za sumaku, Kigoma na Tabora

Mwongozo huu ni wa wanaotegemea redio kolu za HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) kwenye vituo vya afya, mapori ya akiba na vyombo vya Ziwa Tanganyika, wapima ardhi wenye mashine za RTK (GPS ya usahihi wa sentimita), warusha droni na wenye simu za setilaiti. Kifaa kikigoma, unatakiwa ujue ndani ya dakika chache kama tatizo limetoka kwenye jua, kwenye ionosfia ya kila siku (tabaka la hewa ya juu lenye chaji linalorudisha mawimbi ya redio), au kwenye waya uliolegea nyuma ya betri. Matibabu ya hayo matatu hayafanani hata kidogo, na anayekosea hapo hupoteza siku nzima akifungua mashine nzima isiyo na kasoro.

Kwa nini hapa si kama kwingine

Ikweta inayotawala ionosfia si ile ya ramani, ni ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi, na upande huu wa Afrika inapita mbali kaskazini, huko Sudan Kusini na Ethiopia. Mchana, uga wa umeme ulio juu ya ikweta hiyo huinua elektroni mamia ya kilomita, kisha elektroni hizo huteremka zikifuata mistari ya sumaku na kurundikana pande mbili, takriban digrii 15 kaskazini na digrii 15 kusini. Rundo la kusini liko juu ya Kigoma na Tabora.

Kwa hiyo ionosfia ya kwetu ni nzito kuliko ya Ulaya au Marekani, na hutibuka hata siku ambayo jua limetulia kabisa. Miongozo mingi inayosambazwa kwa warusha droni na wapima ardhi husema: angalia Kp (kipimo cha mtibuko wa sumaku ya dunia, 0 hadi 9), ikiwa chini ya 5 endelea na kazi. Kipimo cha Kp hutokana na vituo vya sumaku ambavyo vingi viko latitudo za kati na za juu. Huku kwetu Kp inaweza kuwa 1 na RTK ikapotea saa tatu usiku, na inaweza kuwa 7 na usiku ukapita shwari. Ukielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Dhoruba yenyewe huja hivi. Jua hutema wingu la plazma (gesi yenye chaji), au hutoa upepo wa kasi, na upepo huo ukifika huku sumaku iliyobebwa ndani yake ikielekea kusini, mlango wa uga wa sumaku wa dunia hufunguka. Nishati humwagika kwanza kwenye maeneo ya ncha za dunia, hewa ya juu hupata joto na kutanuka. Februari 2022, dhoruba ambayo haikuwa hata kubwa ilitosha kuongeza ukinzani wa hewa ya juu kiasi kwamba setilaiti 38 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimetoka kurushwa zilishindwa kupanda na kuteketea.

Huku kwetu dhoruba hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni uga wa umeme, unaopenya hadi ikweta ya sumaku ndani ya dakika chache. Ukitufikia mchana au jioni, huongeza nguvu ile inayoinua elektroni, na rundo la juu yetu huwa zito zaidi. Ya pili huchelewa saa kadhaa: pepo za anga la juu zinazovuma kutoka maeneo ya ncha kuja ikweta huzalisha uga wa umeme unaokwenda kinyume, na rundo hupungua. Ndiyo maana siku ya kwanza na siku ya pili ya dhoruba hazifanani, na dawa iliyofaa jana leo inaweza kukuharibia.

Tazama saa kwanza

Kipimo cha kwanza cha utatuzi ni saa ya mkononi. Andika muda ambao tatizo lilianza, kwa dakika kama unaweza. Kumbuka Kigoma iko mbali magharibi ya mstari wa saa tunayotumia: jua huwa la utosi karibu saa 7 mchana, si saa 6, na huzama kati ya saa 12:50 jioni na saa 1:25 usiku kutegemea mwezi. Tabora iko mbele kwa dakika 13 hivi.

Taarifa zote za hali ya anga la juu huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Kuigeuza kuwa saa ya Kiswahili ni rahisi: toa 3. Ukipata zaidi ya 12, toa 12 tena. Ukipata sifuri au chini yake, ongeza 12. UTC 10 ni saa 7 mchana. UTC 18 ni saa 3 usiku. UTC 02 ni saa 11 alfajiri.

Tatizo la ghafla mchana kweupe: shuku mlipuko wa mwanga wa jua. Tatizo la kati ya saa 2 na saa 6 usiku: shuku mapovu ya plazma, ambayo yatafafanuliwa kwenye sehemu ya RTK. Tatizo la mchana kutwa au siku mbili mfululizo, bila kelele: shuku dhoruba. Tatizo linaloanza jua likichomoza na kwisha likizama: shuku kontrola yako ya sola kabla ya kulishuku jua. Tatizo lisilofuata saa yoyote ni la waya, betri au konekta.

Dalili: HF yote imekufa ghafla mchana, hata kelele imepungua

Dakika tano zilizopita Tabora alikuwa anasikika vizuri, sasa hakuna kitu. Hata ule mvumo wa kawaida wa spika umeshuka. Hii ndiyo sura ya mlipuko mkubwa wa mwanga wa jua. Mionzi yake ya eksirei hufika baada ya dakika 8 na kidogo, na hutia chaji tabaka la chini la ionosfia, kati ya kilomita 60 na 90. Tabaka hilo halirudishi mawimbi ya HF, linayameza. Humeza zaidi masafa ya chini, kwa hiyo 3 na 5 MHz hufa kwanza na kurudi mwisho.

Shida ni kwamba antena iliyokatika huleta dalili ileile: ukimya na kelele iliyoshuka. Namna ya kutofautisha ni hii. Chomoa kebo ya antena huku ukisikiliza. Kama hakuna badiliko lolote, bado hujui chanzo. Irudishe, kisha mtu awashe pikipiki ya petroli au inveta mita chache kutoka kwenye antena. Kelele hiyo husafiri karibukaribu na ardhi, haihitaji ionosfia. Ukiisikia ikiingia, na ikapotea unapochomoa kebo, antena na kebo ni wazima na tatizo liko juu. Usipoisikia, panda ukakague: kiungo cha katikati ya daipoli (antena ya waya wenye mikono miwili), maji ndani ya konekta, kebo iliyotafunwa na panya darini.

Kama ni mlipuko, usibadilishe kitu. Panda kwenye masafa ya juu kabisa uliyopewa kwenye leseni yako ya TCRA na ujaribu kila dakika 10. Kwa kawaida mawasiliano hurudi ndani ya nusu saa hadi saa mbili, kuanzia masafa ya juu kushuka. Kuongeza nguvu ya kurusha hakusaidii kitu wakati huo, kunamaliza betri tu.

Mlipuko huathiri upande wa dunia wenye mchana peke yake. Mlipuko wa X9.0 (X ndilo daraja kali kuliko yote) wa tarehe 3 Oktoba 2024 ulifika kilele UTC 12:18, yaani saa 9:18 alasiri, jua likiwa bado juu Kigoma. Huo ulikuwa wa kuhisiwa huku. Linganisha na ule wa X1.8 wa tarehe 9 Oktoba 2024, UTC 01:56. Kwetu ilikuwa saa 10:56 alfajiri, giza, na HF ya hapa haikuwa na cha kumezwa. Lakini mlipuko huohuo uliambatana na wingu la plazma lililofika duniani baada ya saa 37 hivi, jioni ya tarehe 10, na kuleta dhoruba ya daraja la G4 (G1 ni ndogo, G5 ni kubwa kabisa). Kwa hiyo mlipuko wa usiku usiupuuze: hauzimi redio yako, ila unakupa siku moja hadi nne za kujiandaa.

Dalili: masafa ya jana hayafanyi kazi leo, na hakuna kelele

Hapa redio ni nzima, SWR (kipimo cha umeme unaorudishwa na antena) iko chini ya 2, lakini kituo cha mbali anakuja kwa mbali au hasikiki kabisa siku nzima. Dhoruba imesogeza dari ya masafa, yaani masafa ya juu kabisa ambayo ionosfia inaweza kuyarudisha kwa umbali wako.

Hesabu yake inafaa kuwa kichwani. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ni kilomita 350 hivi. Kwa tabaka la F, lile la ionosfia linalorudisha HF, lililo juu kilomita 300, dari ya masafa ya njia hiyo ni kama mara 1.15 ya masafa ya wima, yaani yale yanayorudi yakirushwa moja kwa moja juu. Tumia asilimia 85 ya dari. Masafa ya wima yakiwa 4 MHz kabla ya alfajiri, dari ni 4.6, na masafa salama ni 3.9. Kwa Kigoma hadi Dar es Salaam, umbali wa kilomita 1,100 hivi, dari hupanda karibu mara mbili ya masafa ya wima. Kwa sababu hiyo Dar anaweza kusikika kwenye 7 MHz usiku huku Tabora, aliye karibu zaidi, akiwa hasikiki: mawimbi yanamruka. Wengi hudhani redio ya Tabora imeharibika, kumbe wanahitaji kushuka hadi 4 au 5 MHz.

Siku ya kwanza ya dhoruba, hasa ikianza mchana wetu, jaribu kupanda kwanza, kwa sababu rundo la elektroni huwa limeongezeka na dari imepanda. Siku ya pili jaribu kushuka. Saa mbili za mwisho kabla ya mapambazuko ndizo mbaya kuliko zote, kwani ionosfia huwa imepungua hata bila dhoruba, na dhoruba huikamua zaidi. Kituo kinachotegemea ratiba ya saa 11 alfajiri kiwe na masafa ya chini ya 4 MHz kwenye leseni yake, la sivyo kitakwama mara kwa mara.

Usijaribu masafa kwa kubahatisha. Panga na kituo cha upande wa pili ratiba isiyobadilika: dakika 0 masafa ya kawaida, dakika 5 ya juu, dakika 10 ya chini, kila upande ukiita kwa dakika mbili na kusikiliza tatu. Watu wawili wanaohamahama bila mpangilio wanaweza kupishana mchana kutwa kila mmoja akidhani mwenzake amezima.

Na antena iwe inayofaa. Daipoli ya nusu wimbi ina urefu wa mita 143 gawanya kwa MHz: mita 20.1 kwa 7.1 MHz, mita 28.6 kwa 5 MHz, mita 36.7 kwa 3.9 MHz. Kwa umbali wa Kigoma–Kasulu–Tabora usihangaike na mnara mrefu. Mita 6 hadi 9 kutoka ardhini inatosha, maana unataka mawimbi yaende juu karibu wima. Antena fimbo ya gari hurusha pembeni, na ndiyo inayofanya gari lililo Uvinza lishindwe kuongea na Kigoma mjini. Mkiwa mmesimama, tandikeni waya.

Dalili: kelele nyingi, sauti ya mtu imezama ndani yake

Dhoruba ya sumaku haiongezi kelele. Ukisikia kelele imepanda, acha kutazama Kp.

Kama ni mikwaruzo ya ghafla, *kra, kra*, isiyo na mpangilio, ni radi. Milima ya mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na usiku HF huleta radi za mamia ya kilomita hadi kwenye spika yako. Novemba hadi Aprili tarajia hali hiyo kila jioni. Masafa ya chini ndiyo yanaumia zaidi, kwa hiyo kaa karibu na dari kadiri inavyowezekana: kama 5 MHz bado inapita, usishuke 3.9.

Kama ni mvumo au mluzi unaojirudia kila unapozungusha masafa kwa makumi kadhaa ya kilohezi, na unakuwepo mchana tu, ni kontrola ya sola. Zile za MPPT (aina inayovuna umeme wote wa paneli) hukata na kuunga umeme mara elfu nyingi kwa sekunde, na waya mrefu wa paneli juu ya bati huwa antena nzuri ya kuutangaza uchafu huo. Thibitisha: zima breka ya paneli huku redio ikiendelea kwa betri. Kelele ikikatika, umempata mwizi. Ifuatayo ni dawa, kwa mpangilio wa gharama. Sokota pamoja waya chanya na hasi wa paneli urefu wake wote. Hamisha antena angalau mita 15 kutoka kwenye paneli. Kisha zungusha waya wa paneli, na ule wa betri pia, mara 5 hadi 8 kwenye duara la feraiti (pete nyeusi ya kuzuia kelele) aina ya 31, karibu kabisa na kontrola. Feraiti moja ya kubana iliyoachwa katikati ya waya haifanyi kitu cha maana kwenye HF. Kama hata hayo hayatoshi, weka swichi ya kuzima paneli wakati wa ratiba ya redio. Dakika 20 bila kuchaji haziui betri.

Taa za LED za bei rahisi na inveta zisizo za wimbi safi hupimwa kwa njia ileile: zima moja moja.

Dalili: unasikia vizuri, wewe husikiki

Hili karibu kamwe si la ionosfia, kwa sababu njia ya juu ni ileile kwenda na kurudi. Ama mwenzako ana kelele upande wake, ama redio yako haipati umeme wa kutosha unapobonyeza. Redio ya wati 100 hunywa ampea 20 hivi. Waya wa shaba wa mm² 2.5, mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza volti 0.84 kwa mkondo huo. Wa mm² 6 hupoteza 0.35. Pima volti kwenye konekta ya redio yenyewe huku mtu akiongea kwenye maiki, si kwenye nguzo za betri. Ikishuka chini ya 11.7, sauti huanza kukatika au redio hujizima. Kagua fyuzi zilizoota kutu kabla ya kununua betri mpya.

Dalili: RTK inapoteza fiksi jioni

Hili ndilo linalowasumbua wapima wengi, hasa wanaotaka kumalizia viwanja vya mwisho jua likizama. Kwenye skrini inaonekana hivi: rova (kipokezi unachotembea nacho) ilikuwa na fiksi (nafasi ya usahihi wa sentimita) na setilaiti 24. Inarudi floti (nafasi isiyo ya uhakika). Unatazama nguvu za mawimbi: setilaiti mbili tatu za upande wa kaskazini zinapanda na kushuka haraka, kutoka 45 hadi 28 dB-Hz na kurudi, ndani ya sekunde chache, wakati za kusini zimetulia. Baada ya dakika 15 zile za kaskazini zimetulia, za juu ya kichwa zimeanza. Hakuna mti wala ukuta uliohama. Kinachopita juu yako ni mapovu ya plazma.

Mapovu hayo huzaliwa juu ya ikweta ya sumaku muda mfupi baada ya jua kuzama. Tabaka la F huinuliwa ghafla, sehemu ya chini yenye elektroni chache huwa chini ya sehemu nzito, na ile nyepesi hupenya kwenda juu. Povu hurefuka kwa kufuata mistari ya sumaku kaskazini na kusini hadi kwenye marundo mawili, na lote huelea kwenda mashariki kwa mita 100 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa rundo la kusini ni zito, kingo za povu zinapolikata mawimbi ya GPS hupinda na kugongana yenyewe kwa yenyewe, na rova hupoteza mshiko. Msimu wake mkali ni Machi–Aprili na Septemba–Oktoba, na miaka ya kilele cha jua kama 2024.

Sasa dhoruba inaingiaje? Ikianza karibu na machweo yetu, yaani UTC 15 hadi 18, ule uga wa umeme wa haraka huliinua tabaka zaidi na mapovu huwa makubwa. Ikiwa ilianza saa nyingi kabla, ule uga wa kinyume hulizuia tabaka kuinuka, na jioni inaweza kuwa tulivu kuliko kawaida; hapo mapovu yakija, huja baada ya saa 6 usiku hadi alfajiri. Dhoruba kubwa ya Mei 2024 iligonga UTC 17 ya tarehe 10, saa 2 usiku kwetu. Kwa hiyo ukisoma kwamba dhoruba inakuja, swali la kwanza kwa mtu wa Tabora ni inafika saa ngapi ya hapa, kabla ya kuuliza ni kubwa kiasi gani.

Cha kufanya uwanjani. Usipime alama za mipaka kati ya saa 2 na saa 6 usiku katika miezi hiyo. Hata fiksi inayorudi inaweza kuwa ya uongo. Kama ni lazima, washa makundi yote ya setilaiti, GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, ili wakati tatu nne zinapapatika nyingine zishike. Weka kikomo cha pembe digrii 15, usipande zaidi, maana utajinyima setilaiti unazozihitaji. Kila alama ipime mara mbili kwa kuzima na kuwasha upya mtafuto wa fiksi, zikiachana dakika 20 au zaidi. Zikitofautiana kwa zaidi ya sm 3, zitupe zote mbili urudi asubuhi. Kwa vipimo tuli, rekodi kila sekunde 1 badala ya 15, kwa sababu programu ya kuchakata huweza kuziba mipasuko mifupi na haiwezi kuziba mirefu.

Kutumia masafa mawili ya setilaiti, L1 pamoja na L2 au L5, huondoa karibu ucheleweshaji wote wa ionosfia kwenye umbali mrefu. Hakuondoi kupapatika. Ni matatizo mawili tofauti, na muuzaji anayekuambia mashine yake ya masafa mawili haiathiriki jioni hajawahi kuitumia huku.

Dalili: RTK ina fiksi mchana, lakini vipimo haviwiani

Hapa tazama umbali wa besi (kipokezi kisichohama). Ucheleweshaji wa ionosfia ni sm 16 kwenye L1 kwa kila uniti moja ya elektroni (TECU, kipimo cha wingi wa elektroni kati yako na setilaiti), na chini ya rundo letu, alasiri ya mwaka wa jua kali, uniti 100 si jambo geni: mita 16. RTK huishi kwa imani kwamba besi na rova wanaona ucheleweshaji uleule. Penye mteremko mkali wa elektroni, tofauti inaweza kufikia mm 10 kwa kila kilomita, na kwa besi iliyo km 10 hiyo ni sm 10, fiksi ikiwa imewaka kijani. Alasiri, saa 8 hadi machweo, na siku yoyote ya dhoruba, sogeza besi ndani ya km 5. Anza na alama unayoijua na umalizie na hiyohiyo. Kazi nyeti ifanye kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi.

Simu, droni na GPS za ziwani

GPS ya masafa mamoja hurekebisha ionosfia kwa modeli inayorushwa na setilaiti, ambayo huondoa takriban nusu tu ya kosa. Siku ya dhoruba tegemea mita 10 hadi 20 badala ya 3 hadi 5. Kwa mvuvi wa dagaa usiku mita 20 hazina madhara. Hatari ni kifaa kuganda kwenye nafasi ya zamani. Angalia kama kasi inayoonyeshwa inalingana na mwendo wa chombo. Kwa droni, ubaya ni kurudi nyumbani yenyewe kwa nafasi iliyoyumba: jioni za msimu wa mapovu weka kimo cha kurudi juu ya miembe na nyaya, na utue kwa mkono.

Dira haisumbuliwi. Nguvu ya usumaku hapa ni zaidi ya nanotesla 30,000, na dhoruba ya Mei 2024, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika miaka 20, iliishusha kwa 400 hivi. Dira ya boti ikikosea, ondoa spika, simu na spana zilizo karibu nayo.

Simu ya setilaiti na dishi

Simu za setilaiti hutumia 1.5 hadi 1.6 GHz, jirani na GPS, kwa hiyo zinakatika saa zilezile za jioni. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwani ujumbe hujaribiwa tena wenyewe. Dishi la intaneti la Ku, karibu 12 GHz, halisumbuliwi na mapovu: athari hupungua zaidi ya mara 20 kutoka 1.5 hadi 12 GHz. Dishi likipoteza mawimbi mvua ikinyesha, ni mvua. Likipoteza dakika chache muda uleule kila siku, kwa siku kadhaa karibu na tarehe 22 Machi au 21 Septemba, ni jua linalopita nyuma ya setilaiti. Halina dawa, na linaisha lenyewe. Mtandao wa simu za kawaida, redio za FM na kukatika kwa umeme wa nyumbani huku kwetu visihusishwe na dhoruba za sumaku.

Namba za kufuatilia

Kp hutoka kila saa 3. 5 ni G1 na 9 ni G5. Dst, kipimo cha kushuka kwa sumaku karibu na ikweta kwa nanotesla, hutoka kila saa na inafaa zaidi kwa latitudo zetu: chini ya −100 ni dhoruba kubwa, na ile ya Mei 2024 ilifika karibu −406. Mionzi ya milipuko: daraja M huanza kusumbua HF kidogo, X1 kwenda juu ni kukatika kwa wazi mchana. Muhimu kuliko zote ni Bz, mwelekeo wa sumaku ya upepo wa jua, unaopimwa na vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Ikikaa chini ya nanotesla −10 kwa saa kadhaa, dhoruba ni ya kweli. Upepo ukiwa na kasi ya km 500 kwa sekunde una dakika 50. Ukiwa 800, una dakika 31. Zinatosha kufunga besi, kutuma ujumbe wa dharura kabla ya giza, au kumwambia wa Tabora mhamie masafa ya pili.

Weka daftari kando ya redio lenye safu nne: tarehe, saa ya Kiswahili, masafa, na alama ya usikivu kutoka 1 hadi 5. Liandike hata siku ambazo kila kitu kinakwenda vizuri, kwa sababu bila hizo huna cha kulinganisha nacho.